Mtawa wa Karatasi za Karanga

Kitabu kile nilikipata kwa ugomvi. Muuza karanga wa soko la Manika alikuwa akikichana ukurasa kwa ukurasa kufungia karanga zake, na mimi, mwalimu wa shule ya misheni, moto ukanipanda. Nilimgombeza mama wa watu mbele ya wateja. Akanitazama tu, akasema kama kinaniuma hivyo nikichukue, na karanga nichukue pia.

Kilikuwa cha Kifaransa: mtawa wa Kibuddha akisimulia safari yake ya miguu huko Japani. Mwanzo wote ulikwisha kwenda na karanga. Jalada lilibaki, lenye picha yake, kichwa kimenyolewa kinang'aa.

Nyumbani mama aliiangalia picha, akauliza, "Huyu tata alifiwa na nani?"

Kwetu watu wa Kasai, tata ni baba, na aliyenyoa hivyo ni mfiwa. Ningemsahihisha, lakini mama alikuwa hajauliza kitu tangu kaka yangu alipotoka kwenda zamu ya asubuhi mgodini asirudi. Baiskeli yake ilikutwa njia ya Dilala, imeegemezwa vizuri kwenye mti. Kambi yetu nzima ya wachimbaji ilisema ni batumbula, wale wakamata-watu, wamemla. Shangazi zangu walimsihi mama anyoe, tulie kilio kiishe, maana maji yakimwagika hayazoleki. Aka, nilivyovichukia vinywa vyao! Mama alikataa wembe. Kunyoa ni kukubali kwamba amekufa. Kila jioni alimwekea bukari yake, ugali wa kwetu, kwenye sahani, akaifunika, nasi tukala tukiitazama. Niliogopa sana siku nitakayoikuta imefunuliwa.

Basi nikamwambia nitamsomea, tujue alifiwa na nani. Jumapili baada ya misa nikawa namgeuzia Kiswahili, yeye akichambua sombe, majani ya muhogo. Mtawa alijicheka mwenyewe: alihubiri utulivu wa moyo, kisha akamfukuza mbwa aliyemwibia kiatu kimoja mpaka kijiji cha pili. Mama akaendelea kuchambua.

Halafu, kumbe mama aliona sawa. Mtawa alikuwa amefiwa na ndugu yake. Akapanda mlima kumwuliza mwalimu wake ni wapi alipo marehemu. Mzee akainuka, akafunua mkeka, akachungulia. Akafunua chungu. Akatazama nyuma ya mlango. Kisha akamwambia, "Hapa hayuko. Kwako umetafuta?"

Mama akacheka. Alicheka mpaka sombe zikamwagika, na mimi nikafurahi kama mjinga.

Akainuka, bado anacheka. Akafunua mkeka wa kaka, akachungulia. Akatazama nyuma ya mlango. Mwishowe akaenda kwenye sahani ya jana, akaifunua, akaitazama muda mrefu. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Hapa hayuko," alisema. Akakaa chini sakafuni. "Leta wembe wa kaka yako."

Nilimletea. Majirani waliposikia kilio, walikuja na mikeka yao.