Krismasi ya Doli za Kulia

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijua kuchagua nguo kuliko wanawake wengi wa mtaa wetu wa Huruma. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa kujisifu nako najua. Mama aliuza mitumba ya watoto katika soko la Gikomba, na tangu nilipoweza kutembea bila kushikwa mkono nilikuwa chini ya meza yake, nikicheza na vifungo vilivyong'oka. Nilipofika darasa la tano ningeweza kufumba macho, nikapitisha kiganja mgongoni mwa shati, nikakwambia kama lina tundu au halina.

Mgongoni ndipo pa kuanzia. Mama alinifundisha kwamba mbele ya nguo kila mtu ataangalia, hata mjinga, lakini mgongo na kwapa ndivyo vinavyosema ukweli. Ikiwa na tundu mgongoni, itupe, hata iwe nzuri namna gani. Na ukishaitupa usiirudie. Hiyo ilikuwa sheria ya wauzaji wote asubuhi belo la mitumba linapofunguliwa. Kamba zikikatwa, wanawake wanaingia kwa mikono miwili, kila mmoja anakumbatia anachoweza, kisha anajitenga pembeni kuchagua. Ulichokumbatia ni chako mpaka ukiachie. Ulichotupa ni cha atakayeokota, na kumwomba akurudishie ni aibu ambayo watu wangeisimulia mpaka Pasaka.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, mama aliniahidi jambo kubwa. Januari, wazazi wakija kutafuta sweta na kaptura za shule, ningesimama mezani niwachagulie wateja mimi mwenyewe. Si kukunja, si kupanga. Kuchagua. Katika laini yetu ya meza sokoni hakuna mtoto aliyekuwa amewahi kupewa nafasi hiyo.

"Lakini kwanza nione vile Desemba itaenda," mama alisema.

Nilimwambia itaenda sawa. Sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Mambo ya doli yalianzia Buruburu, ambako mambo mengi ya fasheni yalianzia siku hizo. Msichana mmoja wa huko alikuja kumtembelea nyanya yake, na Jumapili wakaja pamoja kanisani kwetu, yeye akiwa amebeba doli yenye gauni la manjano. Mhubiri alipotuambia tufumbe macho tuombe, msichana akailaza doli kwenye benchi. Kisha akainyanyua. Doli ikalia "Maaama!" kwa sauti nyembamba iliyokata maombi katikati. Wanawake watatu wakaanza kuwapapasa watoto waliokuwa wamewabeba mgongoni. Mhubiri akafungua jicho moja. Sisi wasichana tulifungua yote mawili, na kwa upande wetu ibada iliishia hapo.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyezungumzia kitu kingine. Wasichana waliokuwa wakiomba viatu vya Krismasi waliacha kuomba viatu. Kuna aliyegoma kula ugali siku mbili mpaka babake akakubali, kisha akala wa siku mbili kwa mpigo. Mama pacha, jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekuwa na mapacha wa kike wa rika langu, alikuwa na shida maradufu, kwa sababu mapacha hawakubali kitu kimoja cha kugawana. Akina baba walinung'unika kwamba nyumba zimejaa watoto wa kulia tayari, sasa za nini tena za kununua. Familia moja ya ghorofa ya chini iliahirisha safari ya ushago, kijijini kwao, ili mtoto wao asiende kwa binamu zake mikono mitupu.

Shida ni kwamba doli zenyewe hazikuonekana. Mama pacha alizunguka Eastleigh siku nzima akarudi na balbu za mti wa Krismasi, na mti wenyewe hakuwa nao. Ndipo Jumamosi moja asubuhi habari zikatufikia kwamba duka moja la jumla karibu na Kamukunji limepokea katoni ya doli. Mama alifunga meza yake, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa na malaria, akanishika mkono tukaenda. Nusu ya Gikomba ilikuwa imetutangulia.

Mwenye duka alikuwa ameteremsha mlango wa chuma hadi nusu, akidhani atawaingiza watu watano watano. Watu waliinama wakapita. Kijana wake wa kazi, akiwa amekosa pa kuweka katoni kwa sababu kaunta imejaa viwiko, akaichana kwa kisu akamwaga doli sakafuni. Hilo lilikuwa kosa lake kubwa. Wanawake wa Gikomba wakiona kitu kimekatwa na kumwagwa, mikono yao haiulizi ruhusa.

"Hii si soko!" mwenye duka alipiga kelele. "Moja moja! Nasema moja moja!"

Mama alikumbatia tano kwa mkupuo, akanisukuma ukutani, akasimama mbele yangu ametanua miguu na mikono ili nisikanyagwe.

"Wewe ndio uko na jicho," alinipigia kelele juu ya bega. "Chagua moja. Haraka!"

Nilipiga magoti. Doli zililia kila upande, huko juu mikononi mwa watu na huku chini miguuni, mpaka hungeweza kujua ni ipi imelia. Ya kwanza ilikuwa na doa shavuni, nikaitupa. Ya pili jicho moja halikufumba. Ya tatu mshono wa mkono ulikuwa umeachia. Ya nne ilikuwa nzuri kuliko zote, gauni jekundu na nywele za kusokotwa, na moyo wangu uliruka. Lakini mimi si mtu wa kudanganywa na gauni. Nikaingiza mkono kwa nyuma, nikapitisha kiganja, na hapo vidole vikakuta matundu. Saba, yamepangwa duara, na ndani ya tumbo kitu kigumu kama kopo. Nikamsikitikia yeyote atakayebaki nayo. Nikaitupa bila kuitazama tena.

Ya tano mgongo wake ulikuwa laini, mzima, mwepesi, mishono imeshonwa mara mbili. Niliilaza, nikainyanyua, nikasikia "Maaama!" karibu na sikio langu. Nikaridhika. Wakati huohuo niliona mkono wa mama pacha ukipita katikati ya miguu ya watu na kuiokota ile nyekundu niliyoitupa. Tayari alikuwa na nyingine kwapani. Nikawaonea mapacha huruma.

"Uko sure?" mama aliniuliza.

"Hata nikifunga macho."

Mama, ambaye hakuwahi kulipia hata soksi bila kuivuta kwanza, aliichukua doli ile akalipa. Hakuigeuza. Hakupitisha kiganja. Nilitembea kurudi Huruma nikijiona nimekua kimo.

Cha Krismasi hakiguswi kabla ya Krismasi, hiyo ilikuwa amri ya nyumba nyingi, kwa hivyo doli ilipanda juu ya kabati ikiwa ndani ya mfuko wake wa nailoni, ikakaa huko wiki mbili ikitutazama. Lakini mdomo wangu haukupanda kabatini. Niliwaambia wasichana wote wa ploti yetu ya nyumba za kupanga kwamba yangu itakuwa bora kwa sababu nimeichagua mwenyewe, kwa mkono, kama anavyochagua mtu wa biashara. Niliwaeleza mapacha, kwa upole mwingi, kwamba moja ya zao ina kasoro, lakini wasife moyo.

Sikukuu ilipofika, baba alikuwa na zamu kiwandani, kwa hivyo hatukusafiri. Baada ya kanisa wanawake waliweka majiko uani, karibu na mifereji ya maji, wakapika chapati pamoja. Sisi tulitandika leso sakafuni mita chache kutoka hapo, tukalaza doli saba kwa mstari. Mkubwa wetu akahesabu mpaka tatu, tukanyanyua.

Zililia sita. Unaweza kufikiri katika doli saba huwezi kutambua moja iliyonyamaza. Mwenye doli anatambua.

Tulilaza tena. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Doli ziliponyanyuliwa nilifunga midomo nusu nikalia mwenyewe, "Maaama!" na ninavyoona mimi nililia vizuri kuliko zile za dukani. Pacha mmoja alikuwa amenikazia macho.

"Manze, hiyo si doli," alisema. "Ni wewe umelia!"

"Wacha hizo!"

"Hebu ilie peke yake basi. Funika mdomo."

Nilifunika mdomo. Doli ikanyanyuliwa, ikalazwa, ikatikiswa. Kimya. Wasichana wakaangua kicheko, na kicheko kikawafikia wanawake kwenye majiko. Mama pacha akaja na mikono yenye unga, akaigeuza doli yangu, akaminya tumbo, kisha akachukua ile nyekundu ya binti yake akapandisha gauni. Matundu saba yakaonekana.

"Hii ndio inatoa sauti," alisema. "Yenu haina. Hii yenu ni ile ya bei rahisi, walichanganya. Nani alichagua?"

Wanawake wote waliacha chapati wakamtazama mama. Walikuwa wateja wake hao. Miaka na miaka walimletea watoto wao wavishwe kwa sababu ya jicho lake.

"Si alisema ni yeye?" pacha akasema, akininyooshea kidole. "Kila siku amekuwa akisema ni yeye alichagua."

Nilijua kinachofuata. Hakuna mzazi ambaye angemruhusu mtoto huyu amchagulie sweta Januari, na mama mwenyewe angenirudisha chini ya meza.

Mama aligeuza chapati yake bila haraka.

"Huyo ana mdomo tu," alisema. "Mimi ndio nilichagua. Kulikuwa na msukumano, mkono ukanidanganya."

Walimcheka, wee! Mmoja alishika ubavu. Mwingine alisema kumbe hata mabingwa huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mama alicheka nao, akaomba apewe mafuta. Nami, ambaye kwa wiki mbili nzima nilikuwa nimewatangazia watu wote kwamba ni mimi niliyechagua, nilinyamaza. Neno moja tu lilihitajika, na ni lilelile nililokuwa nalisema kila siku bila kuombwa.

Jioni, nikiwa naosha vyombo na mama akisuuza, nilijaribu.

"Mama, kwa nini umesema ni wewe?"

"Kwa sababu mimi wakinicheka, kesho kutwa watarudi kununua. Wewe wakikucheka, utashika nguo mkono ukitetemeka. Na mkono ukitetemeka hauchagui." Akanipokonya sufuria. "Hii umeosha ama umeilowesha tu?"

Ningeweza kutoka nje. Mlango wa mama pacha ulikuwa hatua nne kutoka kwetu, na wanawake walikuwa bado hapo wakizungumza na kucheka. Nilikausha mikono, nikafikiria hatua hizo nne, kisha nikaenda kula chapati iliyobaki.

Januari nilisimama mezani kama alivyoniahidi. Wateja walikuja kwa wingi, na karibu kila aliyetoka Huruma alikuwa na mzaha wake. Walimnyanyulia mama shati wakamuuliza kama hili linalia. Walimgeuzia kaptura wakihesabu matundu. Mwanamke mmoja alikataa sweta aliyopewa na mama, akasema kwa sauti ya laini nzima kusikia, "Wacha, mtoto wako anichagulie. Wewe siku hizi jicho limezeeka." Mama akacheka akasogea kando kunipisha.

Nilipitisha kiganja mgongoni mwa sweta, nikavuta mishono, nikampa iliyo nzima. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.