Honi ya Jastin

Watu wa kijiwe cha stesheni pale Kilosa walikuwa wamemchoka Tomasi kwa jambo moja tu. Wiki nzima alikuwa dereva wa boda kama wao, anagombea abiria wanaoshuka kwenye treni, anapakia magunia, anakimbizana na trafiki. Ikifika Jumapili, badala ya kulala au kwenda kanisani na mkewe Agnesi, anavaa koti lake la mvua la njano, anatia mafuta kidogo na kupanda milimani bila abiria. Anakwenda kuangalia nini? Milima. Ile ile anayoiona kutwa akiwa kijiweni.

"Unachoma mafuta bure, Tomasi," walimwambia, na Tomasi akacheka tu. Angewaeleza nini? Kwamba alizaliwa Kidete, kando ya reli, akakua akiitazama milima kutoka chini, na siku ya kwanza alipofika juu kwa pikipiki yake mwenyewe, akauona Mto Mkondoa umekuwa mwembamba kule bondeni, machozi yalimtoka? Mambo kama hayo huwezi kuyasema kijiweni ukabaki na heshima yako.

Wawili walimwelewa bila kuelezwa, wakawa wanapanda naye. Mmoja ni Saning'o, Mmasai ambaye baba yake aliridhia kwa shingo upande auze ng'ombe anunue pikipiki. Wa pili ni Jastin, mdogo kuliko wote, mpangaji kwenye nyumba ya Tomasi. Mama yake Jastin, anayepika wali sokoni, alimkabidhi kwa maneno machache: "Baba, huyu ndiye niliyebaki naye. Nakuachia wewe." Tangu hapo Jastin akamwita Tomasi kaka, na kila alichofanya kaka alikiiga, isipokuwa honi. Honi ilikuwa ubunifu wake mwenyewe. Aliifunga honi ya lori kwenye kipikipiki chake, na alipoibonyeza asubuhi kuku wa mtaa mzima walitawanyika, na majirani wakaanza siku kwa matusi.

Safari zao zilikuwa na taratibu mbili. Ya kwanza ni kwamba kila mtu anamwangalia wa nyuma yake: kwenye kona kubwa unasimama mpaka uone taa ya mwenzako, ndipo unaondoka. Ya pili aliileta Tomasi, kwa sababu maneno ya kuchoma mafuta yalikuwa yakimkera kuliko alivyoonyesha. Wakianza kushuka, zima. Zungusha ufunguo, acha pikipiki iserereke yenyewe mpaka bondeni. Mafuta hayapungui hata tone, na juu ya hilo unapata ukimya ule, unasikia ndege, unasikia maji ya korongoni, unasikia matairi yanavyonong'ona kwenye udongo. Tomasi aliupenda ukimya huo kuliko hata milima yenyewe. Jastin naye akaupenda, kwa kuwa kaka anaupenda.

Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba taratibu hizo mbili haziivi chungu kimoja. Pikipiki iliyozimwa haina taa.

Jumapili moja mvua za masika zilikuwa zinaelekea ukingoni. Walipanda barabara ya udongo iliyo juu ya Kisanga, wakapita mashamba ya maharage na migomba, wakafika kileleni, wakala mahindi ya kuchoma na kupigana picha. Ukungu ulipoanza kupanda kutoka makorongoni wakaamua kugeuza. Tomasi mbele, Saning'o katikati, Jastin nyuma. Wote wakazima.

Chini kabisa, pale Kisanga, kuna kibanda cha chai cha Mama Naomi. Tomasi alifika, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaagiza chai ya maziwa vikombe vitatu. Saning'o akaingia akipangusa matope usoni.

"Jastin yuko wapi?" Tomasi akamuuliza.

"Anakuja. Taa yake sijaiona, lakini si amezima?"

Kweli, si amezima. Tomasi akanywa chai. Saning'o akanywa, akala na maandazi. Kikombe cha tatu kilikaa mezani kikitoa mvuke, kisha mvuke ukaisha, kisha maziwa yakaanza kutanda utando juu yake. Tomasi aliutazama utando ule, akaweka kikombe chake chini. Mtu anayeserereka hachelewi hivi. Na wao walikuwa wamekaa kitako wanakunywa chai kwa sababu hawakusikia kitu na hawakuona kitu, kama walivyozoea.

"Washa," alimwambia Saning'o, na hata kofia hakuvaa.

Walipanda kwa fujo. Ukungu ulikuwa umeshika barabara yote, taa zao zikawa zinamulika weupe mtupu. Kila kona walisimama, wakazima, wakaita. Alama za matairi zilikuwa nyingi, zao wenyewe za kupanda na kushuka, huwezi kujua ipi ya nani. Simu hazikuwa na mtandao. Tomasi alichungulia korongo baada ya korongo akaona majani tu, na kila alipochungulia alimwona mama yake Jastin amesimama na upawa mkononi anamsubiri aseme.

"Kaka," Saning'o alisema taratibu, "ile honi yake inasikika mbali. Angekuwa hai angepiga."

Tomasi alimgeukia. Alitaka kumtukana Saning'o kwa kusema neno hilo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, na mkono ungali kwenye ufunguo, ndipo alipoelewa. Honi hailii kama ufunguo umezimwa. Pengine Jastin yuko huko chini anabonyeza na kubonyeza, anadhani imekufa. Na ufunguo haukuzimwa kwa bahati mbaya. Nani alimfundisha kuuzima?

"Jastin!" alipiga kelele. "Washa ufunguo! Geuza ufunguo, ndipo upige honi! Ufunguo, mdogo wangu!"

Kimya. Wakapanda kona nyingine, akapiga kelele tena. Kimya. Sauti ikamkauka, Saning'o akaipokea, akaita kwa sauti ndefu ya kuita ng'ombe, ufunguo, ufunguo, washa ufunguo. Tomasi alikuwa amekaa matopeni sasa, anamwomba Mungu ambaye Jumapili nyingi hakumtembelea. Hakuomba kwa maneno mazuri. Aliomba kama mdaiwa anayeshikwa shati.

Kutoka chini, kushoto, honi ikalia.

Hawajawahi kuipenda sauti ile kama siku hiyo. "Tunakusikia!" Tomasi aliruka. "Acha, halafu piga tena!" Honi haikuacha. Ililia moja kwa moja, bila kupumua. "Piga mara mbili kama unanisikia!" Iliendelea vile vile, na furaha yote ikamtoka, maana mtu anayesikia hujibu.

Waliteremka korongoni kwa makalio, wakishika mizizi na majani yanayokata viganja. Honi ndiyo iliyokuwa njia. Lakini betri ya kipikipiki haikutengenezwa kubeba honi ya lori, na sauti ikaanza kudhoofika, ikawa nzito, ikawa kama mbuzi mgonjwa. Tomasi aliacha kuchagua pa kukanyaga. Ikizimika hii kabla hawajafika, watapita hatua mbili pembeni yake wasimwone.

Walimkuta. Pikipiki ilikuwa imeegemea gogo, breki bado zinanuka kuungua kwa kuzuia mteremko wote bila injini, na Jastin amelala juu ya usukani, mkono mmoja umening'inia karibu na ufunguo, kidole gumba cha mwingine kimebanwa na kifua chake mwenyewe juu ya kitufe cha honi. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Macho yamefumba. Tomasi akakitoa kidole kile, honi ikanyamaza, na katika ukimya huo akaweka sikio mdomoni kwa mdogo wake akasubiri.

Pumzi ilikuwepo. Ndogo, ya kukwaruza, lakini ipo.

Saning'o alivua shuka lake, wakakata vijiti, wakaufunga mguu. Jinsi walivyompandisha hadi barabarani hata wao hawajui kuieleza. Walimpakia mshikaki kwenye pikipiki ya Tomasi: Tomasi mbele, Jastin katikati, Saning'o nyuma amewakumbatia wote wawili. Wakaanza kushuka, gia ya kwanza, injini inalia kwa kukaba mteremko, moshi unawafuata.

Katikati ya mlima kidevu cha Jastin kilitikisika begani kwa Tomasi.

"Kaka," alinong'ona. "Zima. Unachoma mafuta."

Tomasi hakuzima. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, na injini ikaunguruma hadi Kisanga, ikaunguruma mbele ya Mama Naomi aliyetoka mbio na kitambaa cha kufutia meza, ikaunguruma njia nzima hadi Mikumi, hospitalini.

Wauguzi walimchukua Jastin kwa kitanda cha magurudumu. Baada ya muda mrefu daktari alitoka akasema kijana ataishi. Mguu watajitahidi, lakini hawezi kuwaahidi. Tomasi akaitikia ahsante. Akatoka nje ampigie simu mama yake Jastin, akakuta mlinzi anamsubiri, amekasirika.

"Wewe, pikipiki inaunguruma muda wote huu mlangoni. Kuna wagonjwa hapa. Zima."

Tomasi akausogelea ufunguo. Mkono ukafika, ukakataa. Akajaribu tena, akaurudisha kama vile kile kipande cha chuma kinaunguza. Mlinzi akamtazama, hasira ikamwisha.

Ikabidi Saning'o, kifua wazi bila shuka lake, apite katikati yao auzungushe. Ukimya ukaja, ule ule Tomasi alioupenda miaka yote, naye akaziba masikio yake.