Boti Iliyochangiwa Kama Harusi

Mdogo wangu alimzaa mtoto wake wa kwanza ndani ya mtumbwi, katikati ya mikoko, maji yamekupwa na kituo cha afya kiko ng'ambo. Aliposhika mimba ya pili, sisi watu wa delta tunaoishi Mbagala tukaapa kupeleka nyumbani boti ya wagonjwa kabla hajajifungua. Mimi, kwa kuwa nina digrii na miwani, nikapewa kazi ya kuhamasisha. Nikaandika andiko refu kuhusu nafasi ya wahamaji katika maendeleo ya kwao, nikalituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Wakajibu "Amina". Mmoja akauliza nani kafariki.

Mimba ikafika mwezi wa saba, hatuna hata kasia. Shangazi, ambaye anauza vitumbua, akaniita.

"Wewe msomi, watu wa kwetu ulishawaona wakachangia andiko?"

"Hapana, shangazi."

"Wanachangia nini?"

"Harusi."

"Basi boti tuioze."

Jioni hiyohiyo kukawa na kamati ya chakula, kamati ya ngoma na kamati ya sare. Waliokuwa hawapokei simu zangu sasa walinipigia wao, wakilalamika kwamba wamesahauliwa. Mimi nikashushwa cheo hadi kamati ya viti.

Mwezi haukuisha, michango ikatimia. Boti ikapanda juu ya fuso, imefunikwa kanga za sare, nasi nyuma yake kwenye basi dogo tukiimba. Tuliposimama Bungu kunywa chai, wauza korosho wakatuzunguka.

"Bi harusi anaolewa wapi?" mmoja akauliza.

"Delta!" akajibu shangazi.

"Mbona hana miguu?"

"Ana injini. Wewe una nini?"

Tulipoishusha majini na kufika kisiwani kwetu, mdogo wangu alitupokea kwa vigelegele, akacheza na tumbo lake mpaka mumewe akamshika mkono. Mimi nilikuwa napanga viti.

Wiki chache baadaye akanipigia kutoka kituo cha afya.

"Kaka, nimefika mapema mpaka muuguzi kaniambia nikatembeetembee nje."

"Na uchungu?"

"Upo, unakuja na kuondoka. Tunapiga soga."

Alijifungua alasiri, kitandani, mtoto wa kike. Aliposhika simu tena hakunieleza mtoto kafanana na nani. Alitaka kujua mafuta ya kumrudisha nyumbani atachangia nani, maana mtumbwi, alisema, hapandi tena.

Nikamwambia kamati inakaa kesho.