Kiti cha Mke wa Kocha

Siku alipoolewa, Orveta Pruitt alidhani ameolewa na mwanamume. Ilipita misimu miwili ndipo akagundua kwamba ameolewa na mpira, na yule mwanamume, Lyle, alikuja kama mzigo wa kusindikiza.

Pale Dunlow, magharibi mwa Texas, hakuna anayemhurumia mtu kwa jambo kama hilo. Pamba ikigoma kuota, watu husema mwaka ni mbaya. Vijana wa sekondari wakifungwa Ijumaa, watu hawasemi kitu, wanafunga mapazia. Mpira wenyewe ni ule wa kubebwa mkononi, wa helmeti na mabega ya kuvaa, ambao vijana hugongana kama mafahali waliofunguliwa zizi moja.

Orveta aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akaingia kiwanda cha kuchambua pamba ili Lyle asome chuo awe kocha. Lyle akasoma, Orveta akakohoa vumbi la pamba. Lyle akarudi kuwa kocha wa timu ya shule, Nyegere wa Dunlow, na Nyegere wakaanza kushinda. Wakashinda mpaka watoto wa wachezaji wa kwanza nao wakakua, wakavaa jezi, wakashinda. Kila mwandishi wa gazeti aliyefika kuuliza siri ya mafanikio yale, Lyle alishusha kofia machoni akajibu kwa neno moja, "Nidhamu." Orveta, aliyekuwa akiwakaangia timu nzima kuku wa Alhamisi, alikuwa akichekea ndani ya unga.

Maana siri yenyewe ilizaliwa jikoni kwake. Lyle hakuwa na mbinu nyingi. Alikuwa nazo chache mno, alizozipanga kwa punje za maharagwe kwenye meza ya Orveta walipokuwa bado vijana, na tangu hapo hakugusa punje hata moja. Na ishara zake za pembeni mwa uwanja zilikuwa zilezile. Akivuta sikio, wote kushoto. Akigusa kofia, wapite katikati. Akijipiga goti, warushe mbali. Kinyozi wa mjini, aliyefundisha mpira watoto wa darasa la pili, alivuta sikio hivyohivyo. Mtoto alipofika sekondari, akiona mtu mzima anajikuna sikio, miguu yake ilikuwa imeshaanza kwenda kushoto. Orveta mwenyewe alizitumia kanisani. Lyle akianza kusinzia wakati wa mahubiri, yeye hujipiga goti, na Lyle huamka akitafuta wa kumrushia.

Kisha Lyle akamwacha. Alimwendea Kendra Sills, mwalimu wa wale wasichana wanaocheza uwanjani wakati wa mapumziko, mwembamba kama mshale wa saa. Orveta alisubiri mji ukasirike kwa niaba yake. Mji nao ulikuwa ukisubiri matokeo ya Ijumaa. Nyegere wakashinda, mambo yakaishia hapo. Wanawake waliokula kuku wake miaka yote walianza kumsalimia kwa nyusi.

Hakimu alimpa Orveta nyumba na gari bovu. Kiti hakimu hakukigusa, kwa kuwa hakuwa mtu wa Dunlow na hakujua kilipo kidonda.

Viti vya katikati ya jukwaa la Dunlow havipatikani ovyo. Vinarithiwa. Kuna mzee aliyetaja kiti chake kwenye wosia kabla hajataja shamba. Na kile cha mke wa kocha kilikuwa bora kuliko vyote, katikati kabisa, juu kidogo ya reli, mahali ambapo kocha akigeuka tu mnaonana macho. Orveta alikikalia tangu mechi ya kwanza ya Lyle. Uchungu wa kumzaa binti yake ulimshikia palepale, akagoma kuondoka mpaka robo ya tatu iishe.

Msimu ulipokaribia, alikuja kwake Hollis Burkett, mwenyekiti wa chama cha mashabiki. Kazi yake nyingine ilikuwa kuzika watu.

"Orveta, dada yangu, usinifikirie vibaya," alisema, kofia mkononi. "Kile kiti ni cha mke wa kocha. Hakina jina la mtu."

"Kina umbo la mtu, Hollis. Muweke yule mtoto Kendra pale uone kama hatatumbukia."

"Tumekutafutia kingine. Kizuri tu. Karibu na ngoma kubwa."

"Nyuma ya nguzo ya taa."

"Nguzo yenyewe nyembamba."

"Na mimi mnene. Nitachungulia upande gani?"

Hollis alizoea kuongea na wafiwa. Akamshika mkono, akashusha sauti. "Jipe moyo, dada. Mungu atakufuta machozi."

"Mimi sijafa, Hollis. Niachie mkono, usije ukanivalisha sanda."

Alifunga mlango, akakaa kwenye meza ileile ya maharagwe, akawaza. Kuku wa Alhamisi alishaacha kuwapikia, na vijana wakaletewa pitsa, wakashinda vilevile. Kwa kuku hatarudishiwa kiti. Lakini ishara anazijua. Ijumaa ya mwisho wa mwezi walikuwa wanakuja Harkey, majirani waliofungwa na Dunlow kwa muda mrefu hivi kwamba walikuja kwa mazoea tu, kama watu wanaokwenda kung'olewa jino.

Ijumaa hiyo Orveta alivaa koti lake jekundu la kanisani, akachukua darubini na chupa ya kahawa. Hakupita nyuma ya jukwaa. Alipita mbele, polepole, mji mzima ukimtazama, Kendra naye akimtazama kutoka kwenye kile kiti. Akauzunguka uwanja, akapanda jukwaa la wageni, akaketi kando ya mke wa kocha wa Harkey, mama mmoja mpana anayeitwa Glenna Voss.

"Umepotea, mwenzangu?" Glenna aliuliza.

"Sijapotea. Nimefukuzwa."

"Basi kaa. Karanga hizi hapa."

Mechi ikaanza. Ng'ambo ya pili, Lyle alivuta sikio. Wakati huohuo Orveta alinyoosha kidole kuelekea bendi, akamwinamia Glenna sikioni. "Yule mtoto wa tarumbeta, mbona anachechemea?"

"Wa dada yangu yule. Kiatu kimoja chake, kimoja cha kaka yake."

Wakacheka mpaka karanga zikamwagika. Lyle aliona kidole, akaona kunong'ona, akaona kicheko. Akadondosha ubao wake wa mbinu.

Orveta aliona kwamba sasa ndiyo saa yake. Alifikiria miaka ya vumbi la pamba, akafungua mdomo. "Glenna, nikwambie kitu. Akivuta sikio..."

"Wanakwenda kushoto," Glenna alisema, akimenya karanga. "Kofia, katikati. Goti, wanarusha. Mume wangu anazijua tangu yeye mwenyewe anacheza."

"Na bado mnafungwa?"

"Kujua tunajua, dada. Ila wale watoto wenu wameanza kwenda kushoto tangu wana mapengo. Utawazuia na nini?"

Orveta alichota karanga. Alikuja na silaha, kumbe kila nyumba ya Harkey wanayo, wanakatia mboga.

"Sasa mimi nimekuja kufanya nini huku?"

"Endelea kunyoosha kidole," Glenna alimwambia. "Mume wako anakonda."

"Si mume wangu."

"Basi nyoosha viwili."

Akanyoosha viwili. Alionyesha refa, alionyesha ubao wa matokeo, alionyesha mbwa aliyepita. Kila alipoonyesha, Lyle aligeuka. Nyegere walikuwa bado wanaongoza, kama kawaida yao, lakini walipokwenda mapumziko Lyle alikuwa amelowa jasho kama yeye ndiye aliyekuwa akikimbia.

Alichofanya katika chumba cha wachezaji mji mzima ulikuja kukijua, kwa kuwa kila kijana ana mama. Alizibadilisha ishara zote. Sikio sasa katikati, kofia warushe, goti kushoto. Vijana waliitikia, "Sawa, Kocha." Vichwa vilielewa. Miguu haikuwa imeambiwa.

Kipindi cha pili kilipoanza, Lyle alivuta sikio. Nusu ya timu ikapita katikati, nusu ikaenda kushoto, na mpira ukabaki na kijana mmoja aliyesimama peke yake kama aliyesahaulika kituoni. Lyle akajipiga goti. Mmoja akarusha, wa kudaka hakuwepo, alikuwa kushoto. Akagusa kofia, wawili wakagongana helmeti, wakaombana radhi. Kinyozi alisimama jukwaani, mikono kichwani, kama anayeona mtoto wake anafunzwa wizi.

Harkey wakashinda. Bendi yao haikuwa na wimbo wa ushindi waliojifunza, wakapiga wa Krismasi.

Jumapili baada ya ibada gari la Hollis lilisimama mbele ya nyumba ya Orveta. Hollis alishuka. Lyle alibaki ndani, kofia machoni.

"Umetuponza, Orveta," Hollis alisema. "Watu wanasema umeuza ishara zetu."

"Nilikuwa naongelea viatu."

"Viatu?"

"Vya tarumbeta. Muulize Glenna. Ishara zenyewe wanazo tangu zamani, labda mbwa wao tu ndiye asiyezijua."

Hollis aligeukia gari, kisha akamgeukia tena. "Sasa unataka nini ili usirudi ule upande?"

"Kiti changu."

"Na Kendra tumpeleke wapi?"

"Kuna kiti kizuri tu karibu na ngoma kubwa. Nguzo nyembamba, na yeye mwembamba. Wataelewana. Na safari hii changu kiwe na jina la mtu."

Mlango wa gari ukafunguliwa. Lyle alikuja mpaka kwenye ngazi, akasimama hapo, hakupanda. "Sikuzibadilisha kwa ajili yako," alisema.

"Najua. Ulizibadilisha kwa kuwa umeonja kubadilisha." Orveta hakupaza sauti. "Lyle, nini kimewashindisha watu hawa miaka yote? Kinyozi hakubadilisha. Maharagwe yale hayakuhama mezani. Mimi nilikuwepo kila Alhamisi, kila Ijumaa, mahali palepale. Ukabadilisha mke, Nyegere wakavumilia. Ukaona raha, ukabadilisha na sikio."

Lyle alitazama viatu vyake. Mwisho alisema, "Jumatatu narudisha sikio."

"Sikio ni lako. Mimi nimedai kiti."

Ijumaa iliyofuata Hollis mwenyewe alikipigilia kibao cha shaba nyuma ya kile kiti, kibao cha aina anayoweka kwenye majeneza. ORVETA PRUITT, herufi za kulala, nzuri.

"Usijali," alimnong'oneza. "Sikuweka tarehe."

Orveta akaketi. Kiti kilimpokea kama kilivyomjua. Hakuna aliyemwomba radhi kwa ndoa, na hakuna ambaye angemwomba. Wanawake wa safu ya nyuma walimsalimia tena kwa midomo, nusu salamu, nusu wakitaka kujua kama Alhamisi kutakuwa na kuku. Aliwajibu kwa nyusi. Mbali kule, kando ya ngoma kubwa, kichwa cha Kendra kilitokeza upande mmoja wa nguzo, kisha upande wa pili.

Nyegere waliingia uwanjani. Lyle alisimama mstarini, mkono ukaanza kupanda kuelekea sikio. Kabla haujafika, akageuka kidogo, mazoea ya zamani, akatazama juu ya reli.

Orveta akainua darubini, akamwinamia jirani yake, akanyoosha kidole.

Mkono wa Lyle ukagandia hewani.

Alikuwa anamwonyesha muuza bisi.