Hatua Kumi

Mwalimu wa mbwa hakuwa mtu wa kupaza sauti. Kila asubuhi, kwenye uwanja wa nyuma ya kiwanda, alijipiga paja mara mbili na kusema "njoo" kama anayemkaribisha mgeni mezani, na mbwa wake mweusi, asiye na kamba shingoni, alikuja mbio kupokea kipande cha ini kiganjani. "Akija, msifu, mama," alimwambia fundi cherehani, aliyemletea mbwa wake mtundu afunzwe. "Hata akija na kuku wa jirani mdomoni. Ukimpiga aliyekuja, umempiga kwa sababu amekuja." Fundi akacheka, akauliza kama somo hilo linafaa hata kwa waume.

Jumatano mbwa mweusi alimfukuza paka hadi barabarani. Lori likafunga breki, matairi yakalia. Mwalimu akaita, na mbwa akarudi mzima, mkia ukicheza. Mkono uleule wenye harufu ya ini ukamchapa usoni, mara moja, mara ya pili. Fundi akauliza: "Mwalimu, si amekuja?" Mwalimu aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kisha akarudi nyuma, akajipiga paja mara mbili, akaita kwa upole. Mbwa alikuja, lakini hatua kumi kabla ya kumfikia akasimama, akakaa. Akaitwa tena. Hakusogea. Mwalimu akafungua begi, akatoa kamba ndefu ambayo mbwa hufungwa siku ya kwanza ya mafunzo, akaanza kuikunjua polepole.