Stoo Yangu ya Majembe Imekwama Mpakani

Kwa masikitiko makubwa nawatangazia ndugu, jamaa na marafiki wa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, hadi Tororo, kwamba stoo yangu ya majembe imekwama mpakani. Habari ziwafikie watu wa Masinya, wa Iyolwa, na mashemeji zangu wa Kwapa mliojiandaa kuja kuicheka. Admin, jina langu lifiche. Kijiji chetu ni kidogo na bado nataka kusalimiwa.

Nina miaka hamsini na minne. Nalima mahindi na mihogo upande wa Uganda, na siku hizi tumbo langu linafika shambani kabla yangu. Miaka yote majembe yetu yalilala sebuleni. Toroli lilikaa kando ya kochi, na mchungaji alipotutembelea aliegemeza Biblia yake juu yake bila kuuliza. Mke wangu akachoka. Akataka stoo, hata ndogo, huko bustanini. Basi ukaanza mjadala: tununue au tujenge?

Kaka yangu, ambaye boma lake limepakana na langu, alisema tujenge. "Miti iko, udongo uko, nyasi iko. Wewe mtu mzima unakwenda kununulia jembe nyumba? Kesho litadai kitanda."

Fundi wa kuchomelea, upande wa Kenya, naye akasema, "Mzee, hii ya mabati unaiweka tu chini, umemaliza. Mchwa akijaribu, anavunjika meno."

Mimi, kwa kuwa ni mtu wa msimamo, nilikubaliana na wote wawili, kila mmoja kwa siku yake.

Sasa lazima niwaambie kuhusu nyumba nyingine. Karibu na lango letu kuna nyumba ndogo ya udongo, aliyoijenga kijana wangu wa kwanza alipopevuka, kama ilivyo desturi. Na desturi hiyohiyo inasema baba haingii nyumba ya mwanawe. Sijawahi kuingia. Nikimtaka, nilikuwa nasimama nje nakohoa, naye anatoka akicheka, "Mzee, hicho kifua kapime."

Mwaka jana, kabla ya mvua za kwanza, alimpeleka abiria Tororo kwa pikipiki yake. Lori likamgonga njiani. Tulimzika kando ya nyumba yake. Alikuwa hajaoa. Kwetu, nyumba ya kijana aliyekufa hivyo haibomolewi na haikarabatiwi. Inaachwa ianguke yenyewe.

Watu huniuliza najisikiaje. Sijisikii. Ni kama mguu ulioulalia ukafa ganzi. Nakanyaga nao, najua upo, basi. Mke wangu naye hakulia mbele ya mtu, hakutaja jina lake, na njia ya langoni aliizunguka kwa mbali.

Halafu asubuhi moja, mimi nikiwa bado nakubaliana na kila mtu, nilimwona anatoa majembe sebuleni na kuyapeleka kule.

"Mama, unayapeleka wapi?"

"Kuna nyumba haina mtu, na kuna majembe hayana nyumba," akasema. "Wewe endelea na mkutano wako."

Tangu hapo, nikitaka kwenda shambani nasimama nje ya ile nyumba kama mteja dukani, nakohoa. Yeye anaingia kunitolea jembe. Kutoa jembe si kazi ya muda mrefu, lakini yeye hukaa. Namsikia akisogeza vitu. Wakati mwingine namsikia akiongea polepole, nami huhamia kwenye ua ili nisisikie maneno. Kisha anatoka, ananipa jembe: "Haya, nenda." Nikirudi tunakunywa chai na ananiongelesha. Siku moja alilitaja jina lake kabisa, akisema kijana yule hakujua kukunja nguo.

Tatizo ni mchwa. Wamekula nguzo ya upande wa nyuma, na ukuta umeinama. Kaka yangu ameutazama akasema, "Hiyo haimalizi mvua hizi." Kuweka hata gogo la kuuzuia ni mwiko. Nilimwambia mke wangu asiingie tena.

"Jembe utalitoa wewe?" akaniuliza.

Nikaenda kuvaa viatu.

Ndipo nikavuka mpaka na kuagiza ile ya mabati. Siku ya kuileta nilirudi mikono mitupu, nikamwambia imekwama forodha. Juzi ameniuliza tena, "Bado tu?"

"Bado. Mambo ya karatasi."

Alinitazama, akaendelea kuchambua maharage. "Hao watu wa forodha usiwasumbue, Baba. Wana kazi nyingi."

Ndugu zangu, hakuna kilichokwama. Watu wa forodha hata hawajui kama nimezaliwa. Stoo imekwisha, imepakwa rangi ya kijani, na fundi sasa anaweka humo vyuma vyake huku akiniuliza naichukua lini. Siku ile nilikuwa nimekwenda na mtu wa mkokoteni. Nikafungua mlango nione ndani. Nikaingia, kichwa kikagusa bati. Nikafikiri, hii mimi naweza kuingia. Jembe langu nitalichukua mwenyewe, na mke wangu hatakuwa na sababu ya kwenda kule langoni. Nikatoka, nikamwomba fundi aendelee kunitunzia, nikamrudisha mtu wa mkokoteni.

Leo asubuhi nimekohoa kama kawaida. Ameingia, amekaa, ametoka na udongo wa ukutani kwenye kitambaa chake cha kichwa. Ameukung'uta, amenipa jembe, amesema haya, nenda. Sijaenda. Nimekaa barazani nawaandikia, na huku kwetu mawingu yamejaa.

Nikiileta stoo, ni kama nimemfungia mlango wa mtoto wake. Nisipoileta, ukuta utamwangukia akiwa ndani. Mliowahi kufika mahali kama hapa, niambieni: niivushe, au niiache kulekule?