Damu Aliyopungukiwa Kaka

Watu wa kwetu husema kaka yangu alichukuliwa na Mungu. Mungu wamemsingizia. Aliuawa na watu, na mimi niliwaona kwa macho, tena nilikula nao. Majina sitaandika, maana wengine wameacha wajukuu wasio na kosa. Nitawataja kwa kazi zao. Wanaojijua watajijua.

Kwetu ni upande wa Kagongwa, nyumba ya ng'ombe na pamba. Mimi ndiye niliyemfuata kaka ziwa, na maradhi tulizaliwa nayo sote wawili, ila yeye yalimkaba zaidi. Siku hizo hayakuwa na jina. Tulisema tu, "Leo ana mifupa." Yanaanza gotini au mgongoni, mtu anahisi kama anatwangwa kinuni akiwa hai. Anajikunja, anatoa jasho, analia. Baada ya siku chache anaamka anacheka, na wale waliomwona akilia wanasema alikuwa anadeka.

Alipofika umri wa kuoa bado alikuwa na mwili wa mtoto. Ndevu hakuna, miguu kama fito, macho ya manjano, na juu ya kifundo cha mguu ana kidonda kinachofunga kiangazi na kufumuka masika.

Kilichoniuma zaidi ni kichwa chake. Utotoni alikuwa na akili ya kutisha. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kuwa mimi shule niliiacha darasa la tatu kwa ajili ya mifupa hiyo hiyo. Kisha asubuhi moja, akiwa darasa la sita, aliamka mdomo umekwenda upande na mkono mmoja hausikii. Mdomo ulirudi. Akili haikurudi yote. Mwalimu wake, na huyu ndiye wa kwanza katika watu wangu, akawa anamchapa kwa hesabu ambazo mwaka uliopita alizijua vizuri. "Unajitia ujinga ili ukachunge, siyo? Nenda basi kachunge!" Alimchapa hadi akaacha shule. Akawa kijana mkubwa, unamtuma chumvi dukani, unamkuta amesimama njiani anatazama kiganja chake. Akikuona anacheka kwa aibu.

"Mdogo wangu, hivi nilikuwa naenda au narudi?"

Hata mimi naandika haya polepole. Neno nalijua, nalifuata, nalo linakimbia. Sijui ni umri au ni yale yale.

Kijijini vijana walilima kwa kundi. Leo shamba la huyu, kesho la yule, alfajiri, kwa ngoma na nyimbo. Kiongozi wao tulimwita nsumba ntale. Asiyekuja anatozwa faini, anayebaki nyuma anatungiwa wimbo. Mgonjwa alisamehewa, lakini ilibidi baba yake asimame mbele ya kundi aseme, mwanangu ni mgonjwa, mwacheni. Neno hilo tu. Kaka hakutaka kitu kingine duniani.

"Baba anakusikiliza wewe," aliniambia. "Mwombe akaniombee nikae na ndama. Mvua zikianza, na lile baridi la asubuhi, nitafia kwenye matuta."

Nikaenda. Baba alikuwa anachonga mpini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sema."

Nikasema. Akauliza bila kuinua macho, "Niwaambie ana ugonjwa gani?"

"Wa mifupa. Kama shangazi."

Shangazi huyo, dada yake baba, alikufa kigori, na mama alikuwa amenisimulia kwa siri. Baba akaweka tezo chini.

"Sikiliza, mayu," akasema, na hivyo ndivyo alivyoniita akitaka nitulie. "Nikisimama pale nikatangaza kwamba nyumba hii ina ugonjwa wa kuzaliwa, nani ataleta ng'ombe kwa ajili yako? Na wadogo zako je? Bora waseme ni mvivu. Uvivu haurithiwi."

Mvua zikaanza. Siku ya shamba la jirani yetu mimi nilikuwa miongoni mwa wasichana waliowapelekea walimaji maji. Kaka alikuwa amebaki nyuma peke yake, jembe linapanda nusu na kushuka. Nsumba ntale, wa pili huyo katika watu wangu, akampokonya mpiga ngoma fimbo zake akaimba mwenyewe. Kwa Kiswahili ni kama hivi: sisi tumefika, nyuma tumemwacha bibi harusi, macho yake samli, jembe lake mto wa kulalia. Kundi zima likapokea. Wasichana nao wakapokea.

"Bibi harusi, tukuletee kanga?" mmoja akapiga kelele.

"Leteni na mchumba kabisa," kaka akajibu, nao wakacheka kwa kumpenda kidogo. Kisha akalala kifudifudi juu ya tuta. Walidhani bado ni mzaha. Wimbo uliendelea.

Walimleta nyumbani wamembeba. Hata hapo baba hakusema neno lile. Alisema ni damu mbaya. Damu mbaya inatolewa ikaisha, ya ukoo haitoki, ndiyo maana aliipenda. Akamwita mtu wa kuumika, yule anayechanja ngozi kwa wembe na kunyonya damu kwa pembe ya ng'ombe. Huyo ni wa tatu. Alipanga pembe zake magotini, mgongoni, kifuani. Alipozibandua, damu ilikuwa kama maji yaliyooshewa nyama.

"Mbona nyepesi hivi?" akauliza.

"Endelea," baba akasema. "Nzito iko ndani."

Akaendelea, na alikuwa ameona. Alipomaliza akanitazama machoni. "Na huyu binti?"

"Huyo hana kitu," baba akajibu upesi.

Hivyo ndivyo nilivyopona. Uongo ule ule.

Kaka aliomba maji, kisha akaomba tumfunike, kisha hakuomba tena. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Miaka mingi baadaye, nikiwa mpishi wa wachimba dhahabu kule Bugarama, nilianguka nikapelekwa hospitali, na daktari akanipa jina: seli mundu, umerithi kwa baba na mama, wote wawili. Nilimuuliza wenye maradhi haya wakizidiwa hufanywa nini. Akasema, hupewa maji, hukaa mahali pa joto, na wengine huongezewa damu. Nilimwomba aseme tena.

Kiangazi kilichofuata mazishi wakaja wageni kunichumbia. Baba alichinja. Walisema maneno ya utangulizi, wakasifu ng'ombe, na mshenga akauliza kama inavyoulizwa, "Mzee, kuna neno lolote katika nyumba hii tusilolijua?"

"Hakuna," baba akasema.

Nilikuwa nimepiga magoti na maji ya kunawa.

"Lipo," nikasema. "Kaka hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa tangu kuzaliwa, na shangazi kabla yake. Na mimi pia. Tazameni macho yangu."

Mshenga alikuwa amenyoosha mikono. Akaivuta ikiwa mikavu.

"Binti, umejichoma mwenyewe," akasema kwa upole. Wakaaga. Hakuna aliyegusa ugali.

Mama alilia jikoni, kama alivyolia siku ya pembe, bila kutoka nje. Wadogo zangu, watoto wale, waliila nyama yote ya wageni mpaka wakalamba vidole. Mimi nilifunga nguo zangu kwenye kanga. Baba, wa nne na wa mwisho, alikuwa amekaa kizingitini. Nilimwambia, "Kesho utawaambia watu nini?" Alikunja miguu tu ili nipite.